Wasomaji Wanauliza: Huyu Shomoro wa Paani ni wa Aina Gani?

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja, nao ni upande wa shomoro. Tumechagua tano, na tumeanza na ile ya Voi kwa kuwa jibu lake linarahisisha majibu ya nyingine zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la nafaka mjini Voi. Juu ya paa langu la bati wamejaa shomoro wanaopiga kelele tangu alfajiri. Mzee jirani yangu anasisitiza kwamba ndio shomoro aliowazoea tangu utoto wake hapahapa, ilhali mwanangu aliye shule ya sekondari anasema hawa ni wageni kutoka ng'ambo, na kwamba shomoro wa asili ana kichwa cha kijivu. Mimi nikiwatazama naona wengine wana kijivu kichwani na wengine hawana. Nani kati yao amesema kweli, na nitawazuiaje wasiingie dukani?
Msomaji, Voi, Kenya

JIBU: Kwa maelezo yako, mwanao amesema kweli kuhusu ndege walio juu ya bati lako, na huenda mzee naye amesema kweli kuhusu ndege wa utoto wake, ila hawazungumzii ndege mmoja. Voi ina shomoro wa aina mbili wanaoonekana kwa urahisi. Wa kwanza ni shomoro wa nyumbani, ambaye jina lake la kisayansi ni Passer domesticus, na wa pili ni shomoro wa mdomo mnene, Passer gongonensis, mwenyeji wa nyika kavu za Kenya na za nchi zilizo kaskazini yake.

Anayeanza na rangi ya kichwa hupotea upesi, kwa sababu kijivu kipo kwa wote wawili. Namna iliyo bora ni kuanza na jozi. Subiri mpaka uwaone ndege wawili wanaoshirikiana tundu moja, kisha uwalinganishe. Ikiwa dume na jike wanafanana kiasi kwamba huwezi kusema yupi ni yupi, hao si shomoro wa nyumbani. Ikiwa mmoja amepambwa na mwenzake amefifia, umekwisha kulikaribia jibu.

Dume wa shomoro wa nyumbani ana utosi wa kijivu uliopakana na hudhurungi iliyoiva, inayoanzia nyuma ya jicho na kuzunguka hadi kisogoni. Mashavu yake ni meupe, na chini ya mdomo lipo doa jeusi linaloshuka kooni hadi kifuani. Mgongo wake una michirizi myeusi juu ya hudhurungi, nacho kiuno, yaani sehemu iliyo juu ya shina la mkia, ni cha kijivu. Jike hana utosi wa kijivu wala doa jeusi. Rangi yake ni ya udongo mkavu, ana michirizi mgongoni, na ana ufito hafifu wa rangi ya maziwa unaoanzia kwenye jicho kuelekea nyuma. Watoto waliotoka tundu karibuni hufanana na mama yao. Hivyo wale uliowaona na kijivu kichwani ni madume, na wasio nacho ni majike na watoto wa kundi hilohilo.

Lipo jambo moja linalowachanganya hata wazoefu. Manyoya mapya ya dume yanapoota baada ya kunyonyoka ya zamani, ncha zake huwa za rangi ya vumbi, nazo hulifunika doa la koo mpaka likaonekana kama limefutika. Ncha hizo hulika taratibu kwa misuguano ya kila siku, na weusi uliokuwa chini yake hujitokeza. Kwa hiyo ndege haongezi rangi msimu wa kuzaliana unapokaribia, bali anachakaa na kupendeza. Mdomo nao hugeuka kutoka rangi ya pembe na kuwa mweusi wakati huo, na hii ni dalili nzuri zaidi ya kukuonyesha kwamba yu tayari kuzaliana.

Sasa mtazame shomoro wa mdomo mnene. Kichwa chote ni cha kijivu kisicho na doa wala ufito, mgongo hauna michirizi, mabega na kiuno vina rangi ya kutu, na mdomo ni mkubwa kiasi cha kuonekana haukuumbwa kwa ajili ya kichwa kile. Urefu wake unafikia sentimita 18 hivi, ilhali shomoro wa nyumbani ana kama 15. Yeye ni mmoja wa shomoro wa kichwa kijivu, ambao baadhi ya wataalamu huwahesabu kuwa spishi moja na wengine huwagawa katika spishi tano. Uganda na magharibi mwa Kenya yupo Passer griseus mwenye koo jeupe. Katika nyanda za Serengeti na Maasai Mara yupo Passer suahelicus, ambaye mgongo wake umekaribia kuwa kijivu kama kichwa. Na kusini mwa Tanzania huanza kuonekana Passer diffusus. Kuwatenganisha si kazi rahisi kwa kuwa baadhi yao huzaliana pale wanapokutana. Kwa maoni yangu anayeanza asijisumbue: aandike "kichwa kijivu", mahali na tarehe, na hiyo inatosha.

Wasomaji wa Naivasha, Nakuru, Nairobi na kaskazini mwa Tanzania wanahitaji tahadhari ya ziada, kwa sababu huko yupo pia Passer rufocinctus, ambaye dume wake ana doa jeusi kooni na utosi wa kijivu. Huyo hutambulika kwa jicho lake, ambalo ni jeupe-jeupe badala ya kuwa jeusi, na kwa kiuno chake cha rangi ya kutu. Ukiona kiuno cha kijivu na jicho jeusi, huyo ni shomoro wa nyumbani.

Kuhusu ugeni wake, shomoro wa nyumbani si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Asili yake inaelekezwa Mashariki ya Kati, ambako aliandamana na wakulima wa nafaka tangu zama za kale na kuenea nao Asia na Ulaya. Watafiti waliolinganisha jeni zake na za jamaa yake wa Asia ya Kati anayeitwa bactrianus, ambaye huhama kila mwaka na haishi majumbani mwa watu, walichapisha mwaka 2018 kwamba shomoro wetu ana mabadiliko katika jeni inayohusika na kumeng'enya wanga, na mabadiliko ya namna hiyo yameonekana pia kwa mbwa. Amekuwa ndege wa ghala na jiko mpaka tumboni mwake.

Walioko pwani yetu ni wa nasaba ya Bara Hindi, indicus, waliovuka bahari kwa msaada wa binadamu. Nasaba hiyohiyo ilipelekwa Durban kutoka India mnamo 1900. Kwa miongo mingi waliishi Mombasa na Zanzibar bila kupenya sana bara, na ilikuwa kuelekea mwisho wa karne ya 20 ndipo walipofuata miji ya barabara kuu hadi Nairobi na mbele yake. Mzee aliyekulia Voi, basi, inaelekea utotoni mwake alimwona yule wa mdomo mnene, naye hakukosea kumwita shomoro.

Kelele za alfajiri ni za dume aliyekaa mlangoni mwa tundu. Shomoro huyu hujenga kwenye uwazi: chini ya bati lililokunjamana, baina ya ukuta na kenchi, ndani ya herufi za bango la duka. Uwazi mzuri ni haba kuliko chakula, kwa hiyo dume akiupata hutangaza umiliki wake kutwa nzima kwa mlio uleule mfupi, na jike akimkubali mwenye tundu ndipo jozi inapopatikana. Ukiwaona madume kadhaa wakimzingira jike mmoja chini, mabawa yamelegezwa na mikia imeinuliwa, hiyo ni posa ya fujo, ambayo mara nyingi huishia kwa jike kuwadonoa na kuruka zake.

Kuwazuia ni kazi ya fundi wa paa. Ziba kila uwazi unaozidi sentimita 2 kwa wavu wa chuma, kwa kuwa tundu la sentimita 3 linamtosha kupita. Kabla ya kuziba hakikisha hakuna makinda ndani. Sikiliza saa ambazo wazazi wanaleta chakula, kwani makinda yakiwapo utayasikia. Fagia punje zilizomwagika mlangoni kila jioni, maana hizo ndizo zinazowaita. Vinyesi vikavu vilivyorundikana darini vinyunyizie maji kwanza na ufunike pua, usivute vumbi lake.

SWALI: Kila asubuhi shomoro hupigana na kioo cha pembeni cha gari langu mpaka kioo chote kinachafuka. Wapo wanaoniambia ni ishara ya mgeni. Je, ndege huyu ni mgonjwa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Si mgonjwa, na mgeni ni yeye mwenyewe anayejiona kiooni. Shomoro hulinda eneo dogo sana, ambalo ni tundu lake na hatua chache kuzunguka tundu hilo. Nje ya hapo hula na wenzake bila ugomvi. Gari lako bila shaka umezoea kuliegesha karibu na tundu, naye akijiona kiooni huamini kwamba mpinzani ameingia na amekataa kuondoka. Majike pia hufanya hivyo. Funika kioo kwa mfuko wa kitambaa unapoegesha, au sogeza gari mita chache, na vita vitakwisha. Shomoro wa kichwa kijivu nao wanajulikana kwa tabia hii, kwa hiyo kitendo hicho peke yake hakikutoshi kumtambua ndege wako.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Tunaishi Mji Mkongwe, Unguja, na chini ya dirisha letu tumeokota makinda mawili ya shomoro yasiyo na manyoya, yamekufa. Bibi anasema ni kazi ya kunguru. Siku iliyofuata tukamkuta kinda mwenye manyoya akirukaruka uani. Tumfuge?
Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba. Kunguru anastahili kushukiwa. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo amekuwa adui mkubwa wa mayai na makinda ya ndege wadogo visiwani na katika miji ya mwambao. Lakini kunguru hula anachokikamata. Akifika kwenye tundu hubeba kinda na kwenda naye, na hana sababu ya kuwaacha wawili chini ya dirisha bila kuwala. Makinda uchi yanayokutwa chini ya tundu bila kuliwa mara nyingi yametupwa na shomoro wenzao.

Jambo hili huwashangaza wengi kwa kuwa tumezoea kumwona shomoro kama ndege mpole wa uani. Tundu likibadilisha mwenyewe, kwa mfano dume akifa na mwingine kulitwaa, mwenyewe mpya huweza kuyatoa makinda aliyoyakuta ili jike atage upya kwa ajili yake. Na dume mmoja akiwa na majike wawili, jike mmoja huweza kuyaua makinda ya mwenzake, kwa sababu dume husaidia kulisha na msaada wake hauwatoshi wote. Jozi za shomoro hudumu pamoja, lakini uaminifu wao si kamili: watafiti waliopima damu za makinda wamekuta kwamba katika makundi mengi sehemu fulani ya makinda hayakuzaliwa na dume anayeyalisha.

Katika hali ya kawaida mambo huenda kwa mpango. Jike hutaga mayai meupe au ya kijani hafifu yenye madoadoa, mara nyingi 3 hadi 5. Wazazi wote wawili huyaatamia, ingawa jike ndiye mwenye zamu ndefu zaidi, na baada ya siku 11 hadi 14 huanguliwa. Makinda hukaa tunduni kwa takribani wiki mbili. Wakati huo chakula chao kikubwa ni wadudu: viwavi, panzi wadogo, vidukari. Mzazi anayeishi kwa makombo na chenga za mchele huacha desturi hiyo na kuwa mwindaji, kwa sababu kinda halikui kwa nafaka peke yake.

Kwa hiyo msimfuge huyo mwenye manyoya. Kinda aliyekwisha kuota manyoya na kurukaruka ametoka tunduni kwa wakati wake, na wazazi wake huendelea kumlisha nje kwa wiki moja au mbili. Mwekeni juu ya ukuta au kichakani, mahali ambapo paka hamfikii, kisha mwondoke kabisa. Wazazi hawatashuka mkiwa mmesimama hapo. Aliyeanguka akiwa uchi na yu hai arudishwe tunduni ikiwa mnaweza kulifikia, na harufu ya mikono yenu haitawafanya wazazi wamkatae.

SWALI: Nilizaliwa Tanga na sasa naishi Muscat. Shomoro wa hapa wananikumbusha wa nyumbani. Dada yangu aliyeko Leicester anasema kule wametoweka na watu wanawasikitikia. Inakuwaje ndege anayesumbua Tanga aonewe huruma Uingereza?
Msomaji, Muscat, Oman

JIBU: Wote ni Passer domesticus. Tofauti ni kwamba Oman yupo kwao, ilhali Tanga ameletwa. Wale wa Ulaya kaskazini ni wazito kidogo, na mashavu ya dume wao yana kijivu badala ya weupe safi unaouona Muscat.

Dada yako anaeleza jambo la kweli, ingawa hawajatoweka kabisa. Idadi ya shomoro wa Uingereza imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1970, na tangu 2002 wamo katika orodha nyekundu ya ndege wanaohitaji uangalizi huko. Hakuna sababu moja iliyokubaliwa na wote. Zinazotajwa zaidi ni upungufu wa wadudu wa kulishia makinda, mashamba yasiyoachiwa punje baada ya mavuno, na nyumba zinazozibwa kila uwazi ili kuhifadhi joto. Kwangu mimi hii ya wadudu ina uzito zaidi mijini, kwa sababu makombo hayajapungua, wala hayalishi makinda. India nayo imeguswa na suala hili: ni huko ilikoanzishwa Siku ya Shomoro Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 20 Machi tangu 2010, na jimbo la Delhi lilimfanya shomoro kuwa ndege wake rasmi mwaka 2012.

Shomoro hasafiri. Wengi wao huishi na kufa ndani ya kilomita chache kutoka pale walipozaliwa, na ndiyo sababu mtaa mmoja unaweza kuwapoteza wote wakati mtaa wa pili umejaa.

SWALI: Sisi wakulima wa uwele tunavamiwa na makundi makubwa ya ndege wadogo wa kahawia. Wengine hapa wanawaita shomoro. Ni hawahawa mnaowaandikia?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana. Mnaoeleza ni kweleakwelea, Quelea quelea, ambaye yu karibu zaidi na mnana kuliko shomoro. Kosa hilo linaeleweka, kwani nje ya msimu wa kuzaliana kwelea ana rangi ya udongo na michirizi mgongoni kama jike wa shomoro. Tazama mdomo: wa kwelea ni mwekundu, isipokuwa jike anapozaliana, ambapo hugeuka manjano. Mdomo wa shomoro ni wa rangi ya pembe au mweusi, na hauwi mwekundu kamwe. Mkia wa kwelea ni mfupi, na kundi lake hujikunja na kujikunjua angani kama moshi, likiwa na maelfu ya ndege na pengine mamilioni. Shomoro hula kwa makumi, karibu na nyumba, na akishtuka hukimbilia kichaka au paa lililo karibu.

Tofauti hii ina gharama, kwa sababu wapo wanaowaua shomoro wa kijijini wakidhani wanaokoa shamba. China ilijaribu kwa kiwango cha taifa zima kuanzia 1958, kwa kumwinda jamaa yake Passer montanus kwa kelele na manati, hadi alipoondolewa katika orodha ya maadui mwaka 1960 na nafasi yake kupewa kunguni, baada ya kubainika kwamba aliyekuwa akila nafaka alikuwa akila pia wadudu waharibifu.

Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege laki moja laweza kumaliza tani moja kabla ya jua kutua. Hushambulia hasa punje zikiwa bado laini, katika hatua ya maziwa. Mkiona makundi yanatua jioni kwenye matete au miiba iliyo karibu na mashamba, mahali hapo ndipo yanapolala. Andikeni eneo lenyewe na saa mliyoyaona, na mmfikishie afisa ugani wa kata siku hiyohiyo, kwa kuwa udhibiti hufanyika kwenye malalo na wala si shambani.